Udongo Ulioniomba, Afi

Agbledzi,
S.L.P. 17,
Kpando.
Jumanne, 12 Februari 2019.

Mpendwa mwanangu Afi,

Nakusalimu kutoka nyumbani, na wote waliomo humu wanakusalimu. Umeamkaje? Dodzi mumeo ameamkaje? Na huyo mgeni wa tumboni, anakaa kwa adabu? Nasikia huko Hamburg baridi bado inauma, basi vaa soksi mbili na usijifanye umezaliwa huko. Sisi huku tupo. Vumbi la upepo wa harmatani limetupasua midomo, kifua changu kinakoroma asubuhi na magoti yananisumbua, lakini nakula. Mjomba wako Agbeko bado anagombana na redio kana kwamba inamsikia. Mjukuu wangu Yayra ametimiza miezi minne. Ni mdogo wa mwili, ila akimwona kuku anacheka mpaka anapaliwa.

Barua yako ililetwa wiki iliyopita na yule fundi cherehani wa Kpando aliyetoka huko kwenu. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, mpaka Agbeko akatoka nje kuuliza nani amekufa. Miaka minane, Afi. Miaka minane ya sindano, ya daktari huyu na yule, ya mama mkwe wako kupiga simu kuuliza kama chakula cha mwanawe unakila bure. Sasa mimba imefika mwezi wa nne na imeshika. Mungu aliyeifikisha hapo na aiongoze mpaka mlangoni.

Kisha nikafika chini ya karatasi, pale uliponiomba nikutumie ayilo. Mayai kumi ya udongo wetu, yale ya tanuri la kwanza, kwa sababu ule unaouzwa dukani kwa watu wetu huko una ladha ya sabuni. Umesema kichefuchefu kinakutesa, na kwamba ukisikia harufu ya mvua kwenye vumbi mate yanakujaa mdomoni.

Sitakutumia, mwanangu. Na huo wa dukani nakuomba uutupe leo, kabla hujamaliza kusoma. Najua utasema mama mkubwa amezeeka na uchoyo. Kwa hiyo nitakueleza sababu yote, ingawa itaniaibisha, kwa kuwa ninachokiogopa ni kwamba utakula huo udongo kama mwanangu Emefa alivyoula na mimi nitazika wa pili.

Ulipopigiwa simu Oktoba uliambiwa Emefa alitokwa na damu wakati wa kujifungua. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilisema kwenye simu kwamba damu ilimkataa, ukalia, nikalia, tukakata. Sikutaka uulize zaidi, na wewe hukuuliza.

Wewe umelelewa kwenye udongo huu, sina haja ya kukufundisha kazi. Unajua tunavyouchimba kule shimoni, tunavyouanika, kuutwanga, kuuloweka na kuuchuja mpaka ubaki laini, kisha tunaufinyanga mayai na kuyakausha juu ya moshi. Wewe na Emefa mlikuwa mnafinyanga pamoja pale barazani, na kila yai la tano liliingia mdomoni. Nilikuwa nawachapa kidogo na kucheka sana. Mama yangu aliula akiwa na mimba yangu, mimi niliula nikiwa na mimba ya Emefa, na wanunuzi kutoka Accra na Lomé walikuwa wakisema hakuna udongo unaotuliza tumbo la mjamzito kama wangu mimi Aku. Nilijivuna. Bado sijui nifanye nini na majivuno yale, maana hayajaisha yote.

Unakumbuka Emefa alivyokaa na Mawuko miaka minne bila kushika mimba. Sisi tulisema ni jicho la watu. Nilimpeleka kwenye maombi Kpando, nikamchemshia mizizi michungu mpaka akaniambia, "Mama, sasa naogopa kikombe kuliko utasa." Siku zake zilikuwa zinakuja zikipenda. Mara miezi mitatu hazionekani, mara zinakuja kidogo tu kama matone ya mvua ya bahati mbaya. Alichoka haraka, kucha zilikuwa zimebonyea katikati, na ndani ya kope palikuwa peupe. Tulimwona mwembamba wa kupendeza.

Delali ndiye aliyempima. Huyo ni mkunga kijana aliyeletwa kwenye kliniki yetu wewe ukiwa umeshaondoka, msichana wa miaka ishirini na tisa hivi, anatembea kama anachelewa kanisani. Alikuta wekundu wa damu ni tisa, wakati mwanamke anatakiwa kuwa na kumi na mbili au zaidi. Akamwambia Emefa kwamba mwili wenye njaa ya madini ya chuma hauna haraka ya kubeba mtu wa pili, kwa sababu huyo wa kwanza mwenyewe unamlisha kwa shida. Akampa vidonge vya kuongeza damu na vile vidogo vya njano vinavyolinda uti wa mgongo wa mtoto, akamwambia ale maini, maharagwe, samaki na mboga za gboma, na kila mara amalizie na chungwa.

Mwaka ule Mawuko alipata kazi mjini Ho, wakahamia huko. Miezi sita Emefa alikaa mbali na shimo letu, mbali na tanuri, na mbali na mimi. Alikula alivyoambiwa. Udongo hakuupata, na alinipigia simu akilalamika kama mtu aliyenyimwa sigara. Wekundu ukapanda mpaka kumi na moja na nusu. Siku zake zikanyooka. Mimba ikaingia.

Ungedhani mtu mzima mwenye akili angeliona hilo. Mimi niliimba, nikachinja kuku, nikatuma watu wamlete nyumbani, kwa kuwa mimba ya kwanza kwetu hulelewa kwa mama. Na siku alipofika nilimwekea mezani ugali wa akple, supu ya bamia, na sahani ya mayai ya udongo yaliyotoka kwenye moshi asubuhi ile. Alikula udongo kwanza.

Sasa hapa ndipo penye kosa, na ni kosa letu sisi wa udongo, sidhani kama watu wengine wangelifanya. Vile vidonge vya damu unavijua, vina ladha ya msumari wenye kutu na vinachafua tumbo. Emefa alikuwa akivitapika. Basi nikamfundisha kama mama yangu alivyonifundisha kuhusu kila kitu kichungu: meza, kisha ng'ata ayilo papo hapo, itakishikilia chini. Na kweli ikakishikilia. Hakutapika tena hata kimoja. Kila asubuhi nilikaa mbele yake nikihakikisha amemeza, nikampa yai kwa mkono wangu, nikajisifu kwa Agbeko kwamba hakuna mjamzito anayetunza dawa zake kama mwanangu.

Damu ikaanza kushuka. Kumi. Mwezi uliofuata, nane na nusu. Delali alimhoji kama anavimeza kweli, Emefa akaapa. Na kadiri damu ilivyoshuka ndivyo hamu ya udongo ilivyopanda, mpaka akawa anakula mayai matano kwa siku, na mimi nikasema mtoto ana nguvu, anadai.

Mimba ilipofika miezi saba, Delali alikuja nyumbani siku yake ya mapumziko. Alinikuta kwenye meza za kuanikia pamoja na wanawake wanne tunaofanya nao kazi. Emefa alikuwa amelala ndani, kwa kuwa siku hizo akisimama aliona giza. Delali akanisalimu kwa heshima zote, akauliza kama anaweza kuzungumza nami pembeni. Nikamwambia hapa hakuna pembeni, aseme.

Akasema, "Mama Emefa, nimekuja kama mtoto wako. Vidonge ninampa mwenyewe na najua anavimeza. Lakini anavifuatisha na udongo, na udongo unaking'ang'ania kile chuma cha vidonge humo tumboni. Haukiachi kiende kwenye damu, unatoka nacho chooni. Ni sawa na kutomeza. Na hiyo hamu inayomtesa, ndiyo damu yenyewe inalia kwamba imepungua. Anakula kwa sababu imepungua, na inapungua kwa sababu anakula. Naomba umwachishe leo. Akijifungua na damu hii, sitaweza kumshika."

Wanawake wote wakanitazama mimi. Afi, ningeweza kusema asante. Ningeweza hata kukaa kimya. Nilimwuliza, "Wewe Delali, umezaa wangapi?"

Akasema, "Bado, mama."

Nikamwambia, "Basi nenda kazae kwanza, halafu uje unifundishe tumbo."

Wale wanne wakacheka. Walicheka kwa kunifurahisha, nami nilifurahi. Delali akainamisha kichwa, akaniaga kama mtoto anavyomuaga mkubwa, akaondoka na njia yake ya vumbi.

Nataka ujue kwamba nilimwamini. Hili ndilo ambalo sijamwambia mtu. Nilimwamini hapo hapo aliposimama, kwa sababu nilikumbuka Ho, nikakumbuka zile kucha. Lakini nilijua pia kwamba Emefa akiacha kula, wanawake watauliza kwa nini mtoto wa Aku hali udongo wa Aku. Nitawajibu nini? Kwamba nimewauzia mama zao, dada zao, na wao wenyewe? Nikajiambia amebakiza miezi miwili tu, mimi nilizaa na udongo na sikufa, na huyu hatakufa.

Nilipoingia ndani, Emefa aliniuliza Delali alikuja kufanya nini. Alikuwa ameegemea mto, macho makubwa, midomo haina rangi. Nikamwambia, "Alikuja kununua udongo."

Akacheka. Akasema, "Hata yeye?" Akaninyooshea mkono nimpe yai, nikampa.

Uchungu ulimshika asubuhi ya Ijumaa. Tulimfikisha kliniki jua likiwa bado changa, na saa tatu mtoto alitoka, kilo moja na gramu mia nane, wa kike, analia kwa sauti ya paka. Kisha kondo la nyuma likachelewa, na lilipotoka damu ikafuata. Delali alifanya yote anayoyajua. Alimchoma sindano, akamkanda tumbo kwa ngumi, akamtundikia maji, akaita gari la wagonjwa likaja, kwa kweli lilikuja haraka. Kwenye hospitali kubwa Mawuko alitukuta, wakamtoa damu, ilikuwa inalingana. Mfuko ulikuwa haujafika nusu kumwingia mkewe alipokata roho. Ilikuwa adhuhuri. Nje watu walikuwa wananunua chakula.

Delali aliniambia baadaye, bila hasira, kwamba ile damu aliyopoteza haikuwa ya kutisha. Mwanamke mwingine angepoteza kiasi kile akazimia, akapewa uji, akarudi nyumbani Jumapili. Emefa hakuwa na akiba ya kupoteza.

Hukuwepo kwenye maziko, na ni afadhali. Unajua kwetu aliyekufa kwa damu hapigiwi ngoma wala hakeshewi. Hakurudishwa nyumbani. Wanaume walimzika siku ile ile kule pembeni ya msitu, wanapozikwa waliogongwa na magari na walioanguka kwenye minazi, na mimi mama yake niliambiwa nikae ndani nisitazame njia. Nilisikia majembe yakipita mlangoni wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Mzee mmoja alisema kifo kama hicho hakina mwenyewe, kinajijia tu. Nilikuwa nimekaa pale pale namsikiliza.

Siku ya tisa walikuja wajawazito watatu kutoka kijiji cha jirani kununua udongo. Walinipa pole, wakalia nami kidogo, kisha wakauliza kama upo wa tanuri la kwanza. Nikawauzia. Sijui nikuelezeje mkono wangu siku ile. Ulifunga, ukapokea, ukasema karibuni tena.

Niliacha kazi mwezi wa Desemba. Wenzangu wamekasirika, wanasema huzuni imenigeuza akili, na wameendelea bila mimi. Nilikwenda kwa Delali kumwomba radhi. Nilipiga magoti mlangoni kwake, yeye akaniinua kwa kwapa kama mgonjwa. Aliniambia, "Mama Emefa, mimi sina cha kukusamehe. Alhamisi nina wajawazito kumi na tisa. Njoo uwaambie wewe, mimi hawanisikii, sijazaa."

Alisema hivyo bila kejeli, na ndiyo maana liliniingia. Nimekwenda Alhamisi mbili. Nilikaa kwenye benchi, wanawake wakanisogezea nafasi, mmoja akaninong'oneza kuuliza kama nimebeba udongo kidogo kwenye kanga. Nilirudi nyumbani bila kufungua mdomo. Kwa hiyo, Afi, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Jumatano, mchana.

Jana niliikatia barua hapo juu, kwa sababu nilipoandika kwamba wewe ndiye wa kwanza niliona si haki. Mawuko anakuja hapa kila mwisho wa juma kumwona mtoto. Ananiletea sabuni na maziwa ya kopo, ananiita mama, na mara mbili ameniambia kwamba bila mimi angeshindwa. Leo asubuhi nilimpigia simu akaja, nikamweka kwenye kiti, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Sikupunguza.

Alinisikiliza akitazama sakafu. Aliniuliza jambo moja tu. "Alikuuliza, ukamdanganya?"

Nikamwambia ndiyo.

Akainuka, akaingia chumbani, akakusanya nguo za Yayra na ile mito yake midogo miwili, akambeba mtoto. Sikumzuia. Alisimama kidogo mlangoni, nikadhani atanitukana, nikajiandaa, lakini alikuwa anamrekebishia mtoto kofia kwa ajili ya vumbi. Amempeleka kwa mama yake Ho. Agbeko anasema atarudi. Mimi sijui, na sikumwambia ili anisamehe. Nyumba imekuwa kimya, kuku wanaingia mpaka ndani na hakuna wa kuwachekea.

Sasa nisikilize wewe. Nenda kwa daktari wako usisubiri miadi, mwambie unakula udongo. Usione haya, mwambie ni vipande vingapi. Mwambie akupime wekundu wa damu na akiba ya chuma, na amwangalie mtoto pia, kwa kuwa Delali anasema udongo mwingine una madini ya risasi ndani yake, na risasi huingia kwenye ubongo wa mtoto. Vidonge vimeze na maji ya chungwa. Chai na maziwa vikae mbali, muda wa saa mbili kabla na baada. Vikikutapisha, omba wakubadilishie, ziko aina nyingine. Kula maini ukiyapata, kula maharagwe na samaki, kula mboga za kijani. Hamu ikikushika, usijiambie kwamba ni mtoto anadai. Ni damu yako inaomba msaada, na udongo ndio unaoinyima.

Labda hutanijibu barua hii. Emefa alikuwa dada yako, mlilala mkeka mmoja miaka kumi na moja, na una haki ya kutonisemesha mpaka nife. Nitaelewa. Nichukie, Afi, lakini nichukie ukiwa na damu mwilini. Nichukie ukiwa umembeba mtoto wako mkononi, mzima, na wewe mzima. Hilo nitalipokea kama zawadi.

Nisalimie Dodzi, na umsomee barua hii yote, hata pale panaponivua nguo, ili siku utakayoshindwa na hamu kuwe na mtu wa kukunyang'anya. Wasalimie mawifi zako na mama mkwe wako, mwambie apunguze simu. Mjomba Agbeko anakusalimu. Delali pia anakusalimu ingawa hakujui; amesema ukiwa na swali umpigie, nimekuandikia namba yake nyuma ya karatasi. Kesho ni Alhamisi, nitakuwa kwenye lile benchi.

Mungu wa mama zetu akutunzie damu yako tone kwa tone, akufungulie salama, na akunyime kila ulichoniomba.

Ni mimi niliyekulea na ninayekupenda hata nikikunyima,

Mama mkubwa Aku